Jasho la Shahidi wa Mbonini

Njia ya kwenda nchi ya Uoni sitaieleza, kwanza kwa sababu haina kazi katika habari hii, pili kwa sababu Shehoza mwenyewe akiulizwa alipitia wapi huanza kukohoa. Inatosha kujua kwamba Shehoza bin Kupaza, fundi saa wa Korogwe, alifika huko alfajiri moja yenye ukungu, hajatia kitu tumboni kwa siku mbili, na masikio yamemjaa visa vya kutisha alivyosimuliwa na kila aliyekutana naye njiani. Mtu huyu alijivunia macho yake kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amefungua saa za watu na kuokota kwa kibano skrubu ambazo wenyewe hata hawakujua kama zimo, na kila aliposhindana na mtu, liwe jambo gani, alimaliza kwa kusema, "Macho yangu hayajanidanganya hata siku moja." Basi siku hiyo yalimdanganya, na kwa bahati mbaya yalimdanganya mbele ya karani.

Alikuwa amebakiza hatua kama hamsini kulifikia lango la mji wa Mbonini alipoona kitu kinatokeza ukunguni. Kilikuwa na kichwa kipana kuliko mlango wa ghala, nywele zimesimama pande zote zinatikisika, na miguu iliyokanyaga chini kwa kishindo. Kimo chake, Shehoza aliapa baadaye, kiliupita ukuta wa mji. Naye alifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya, na asiye mwoga anyooshe mkono tumwone.

"Jitu! Jamani, jitu!"

Akatupa mkoba wake wa kazi, akakimbilia langoni kwa mbio ambazo hakuwa amezipiga tangu utotoni.

Langoni hakuna aliyemcheka. Palikuwa na meza, na mezani amekaa karani mwembamba aitwaye Faki, mbele yake daftari kubwa kama mlango wa kabati. Kando yake alisimama mzee nadhifu mwenye kanzu iliyopigwa pasi, Bwana Chande, na kazi yake Bwana Chande serikalini ilikuwa Mwonja Jasho. Alimsogelea mgeni, akasema, "Samahani, ndugu yangu," akampangusa paji la uso kwa kipande cha pamba, kisha akakilamba. Akafumba macho kidogo, vile wanavyofanya wapishi wanapoonja mchuzi.

"Hofu robo tatu," akasema. "Njaa robo. Mapenzi hamna. Pombe hamna. Jasho halali."

"Umeona nini?" akauliza karani.

"Jitu."

"Kubwa kiasi gani?"

"Linaupita ukuta."

Karani akaandika, akagonga muhuri, akampa mgeni kibali cha kuingia mjini. Mambo yakaisha hapo. Shehoza alidhani labda ndiyo namna yao ya kumkaribisha mtu, na kwa kuwa harufu ya maharage ya nazi ilikuwa inamwita kutoka upande wa pili wa barabara, hakuuliza zaidi. Kwa mama mmoja mpika chakula alikula sahani tatu za wali na maharage, akanywa maji, akamshukuru Mungu, kisha ndipo akakumbuka kwamba mkoba wake umebaki nje.

Aliporudi langoni ukungu ulikuwa umekwisha. Nje kidogo ya lango, juu ya mzigo mkubwa wa majani mabichi, alikuwa amekaa mama mmoja mfupi, mnene kidogo, kilemba kimelegea, mkononi ana kovu la kuungua. Mkoba wa Shehoza ulikuwa mapajani pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyenikimbia asubuhi?"

Shehoza akautazama mzigo wa majani. Akaufikiria ukiwa kichwani, ndani ya ukungu, unatikisika pande zote. Akahisi masikio yanamchoma kwa aibu.

"Nisamehe sana, mama. Ukungu ule, na njaa niliyokuwa nayo."

"Mimi nimekusamehe. Daftari ndilo halijakusamehe." Mama akampa mkoba wake. "Jina langu Sikudhani. Miaka hamsini na tisa nimeishi mfupi, hata mume wangu marehemu alikuwa akinitania kwamba akiniangusha ndani ya nyumba hanioni tena. Leo nimerefuka kwa sababu nimebeba majani."

Kisha akamweleza, na hapo utani ulimwishia. Binti yake Mwanaheri alikuwa mle ndani, nyumba ya nne kutoka kisimani, mimba yake ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jogoo la kwanza. Mama alitoka mara moja kuchuma majani ya kumkandia. Anarudi, anaambiwa yeye ni jitu, imeandikwa na imegongwa muhuri, na majitu kwa sheria ya Mbonini hayaruhusiwi kukanyaga ndani ya ukuta.

Shehoza hakungoja amalize. Aliiendea meza.

"Bwana karani, nilikosea. Yule si jitu. Ni mama mtu mzima anataka kwenda kwa mwanawe. Futa."

"Hukukosea," akasema Karani Faki kwa upole. Alikuwa kijana mwadilifu kupita kiasi, na hao ndio wagumu. "Uliona."

"Niliona vibaya."

Bwana Chande akajisikia ametukanwa. "Jasho lako nililionja mimi mwenyewe, ndugu. Lilikuwa jasho safi kabisa. Hebu nikueleze, maana naona kwenu hamjafundishwa. Jicho ni dirisha tu. Anayeona ni mpishi aliyeko ndani ya fuvu, naye hapiki bila viungo. Mwili ukiogopa, unamwagia ubongo kemikali yake, na vitu vya mbele vinakua. Ukichoka, mlima unarefuka. Ukiwa na huzuni kuu, rangi zinapauka kana kwamba zimefuliwa mara mia. Ukipenda, hayo ndiyo usiseme kabisa. Hayo tunayajua tangu enzi za mababu, na yote yanatoka kwenye jasho, ukiwa na ulimi uliosoma."

"Sasa kama mnayajua yote hayo," akasema Shehoza, "kwa nini mnaniamini?"

"Tunaonja ili tuhakikishe kwamba mtu ameona kweli. Mwenye hofu robo tatu huona jitu. Wewe ulikuwa na hofu robo tatu. Kwa hiyo uliona jitu. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba jitu halikuwepo."

"Hilo," akasema Bwana Chande, na kwa kweli alisikitika, "si la idara yetu."

Hapo Shehoza akaanza kuielewa nchi aliyoingia. Nyuma ya soko la Mbonini kuna kilima kikali, lakini aliyekisajili alikuwa kijana anakwenda kumwona mchumba wake, kwa hiyo daftarini kimeandikwa tuta. Wapagazi wanaopandisha mawe wakianguka huambiwa hakuna mtu anayeanguka kwenye tuta, na hawapewi pole. Kuna duka la vitambaa ambalo mwenyewe alifiwa na mkewe siku ya kusajili bidhaa. Nyekundu zote na manjano zote ziliandikwa kijivu, na mpaka leo zinavaliwa msibani tu, na misiba ya Mbonini inapendeza macho ajabu. Na nje ya ukuta, kwenye safu ya vibanda, yanaishi majitu sita. Mmoja ni muuza maziwa aliyeonwa na mgonjwa wa homa. Mwingine ni mwalimu mstaafu, mzee mwenye magongo mawili, aliyeonwa na mwanafunzi wake wa zamani. Bi Sikudhani alikuwa wa saba.

Njia ya kufuta ilikuwa moja. Kilichoonwa hakiondolewi ila na macho yale yale, yakiwa na jasho lile lile. Na wa kulisimamia jambo hilo alikuwa Hakimu Mtumweni.

Hakimu aliletwa langoni na kiti chake, kwa kuwa jitu haliwezi kuingia mahakamani. Watu wanne walikibeba kiti, na Hakimu akiwa juu yake analalamika kwamba jua litampiga. Alikuwa mtu mdogo, mikono yake kama ya msichana, lakini kiti kilikuwa na ngazi tatu, na aliyekaa juu yake aliwaona watu wote utosini. Aliitunga mwenyewe ile sheria ya majitu, miaka ishirini iliyopita, na hakuna aliyewahi kushinda kesi mbele yake.

"Shahidi arudishwe katika hali yake," akaamuru.

Likazuka swali la njaa. Shehoza alikuwa amekula sahani tatu, na mama mpika chakula aliitwa akathibitisha, tena akaongeza kwamba mgeni aliomba ukoko. Mshauri wa mahakama akapendekeza kesi iahirishwe mpaka keshokutwa, mgeni afungiwe asile. Mshauri wa pili akauliza kama njaa ya robo inaweza kufidiwa kwa kiu ya nusu. Wakabishana hapo kwa vifungu na vipengele, huku Bi Sikudhani amesimama kwenye mstari wa lango, vidole vyake vya miguu vimeugusa lakini havijauvuka.

"Waheshimiwa," akasema, "mwanangu hawezi kuahirisha."

Hakimu akakubali waanze na hofu. Wakaja watu wawili na vifuniko vya sufuria, wakavigonga nyuma ya kisogo cha Shehoza. Akashtuka, akacheka. Wakamleta chatu wa mahakama ndani ya kapu, lakini chatu huyo alikuwa ametisha mashahidi miaka mingi, amenenepa, amezoea. Karani Faki alimkuna kichwa, naye akalala tena. Bwana Chande akapangusa, akalamba.

"Kicheko nusu," akasema. "Maharage nusu."

Watu wakaangua kicheko, Bi Sikudhani naye akacheka, maana alikuwa mtu wa hivyo, hata kwenye shida yake mwenyewe. Walikuwa bado wanacheka alipofika jirani yake mmoja kutoka ndani ya mji, anahema, kanga imemteleza.

"Bi Sikudhani, mtoto amekaa vibaya. Mkunga anasema anaweza kumgeuza, lakini Mwanaheri hamruhusu amguse. Anakuita wewe. Amekataa kila mtu, anakuita wewe tu."

Mama yule akauinua mzigo wa majani, akaupitisha juu ya meza ya karani. "Haya, chemsheni," akasema. "Mwambie nipo hapa hapa langoni. Mwambie namsikia."

Hakuwa anamsikia. Nyumba ilikuwa mbali. Shehoza alilijua hilo, kila mtu alilijua, na ndipo mambo yakamwingia yule fundi saa kama maji ya baridi. Msichana asiyemjua alikuwa anaweza kufa leo, na mtoto wake naye, kwa sababu ya neno moja lililomtoka yeye mdomoni akikimbia mzigo wa majani. Na aliyekuwa na uwezo wa kufungua njia alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyekaa kitini, anapanguza shingo kwa leso na kuuliza kama kuna kivuli. Shehoza aliogopa. Hofu ya asubuhi ilikuwa mchezo ukiilinganisha na hii. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

Bwana Chande hakuhitaji hata pamba, alilikinga tone kwa kidole.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "hofu robo tatu na ushei."

"Na njaa?"

Bwana Chande akalamba tena, akafikiri. "Tumbo limesimamisha kazi. Wali umo, lakini mwili haujui kama umo. Kisheria ni njaa."

"Vizuri. Shahidi, mtazame huyo aliyesimama mstarini. Unaona nini?"

Shehoza akamtazama. "Namwona Bi Sikudhani. Mfupi. Kilemba kimelegea. Ana kovu mkononi, na midomo inamtetemeka, anajizuia kulia."

Minong'ono ikazagaa. Hakimu akakunja uso, maana jambo hili halikuwahi kutokea. "Haiwezekani. Penye hofu robo tatu pana jitu. Hayo si maoni yangu, ni elimu. Tazama vizuri."

"Sikusema halipo, mheshimiwa. Nimesema si yeye."

"Liko wapi basi?"

Na hapa nasimulia kama Shehoza alivyonisimulia, na anaapa mpaka leo. Tangu jirani yule alipofika, yule mtu wa kitini alikuwa anakua. Kwanza pua. Kisha ule mkono wenye leso, ukawa mkono wa kufunika paa la nyumba. Mdomo ulipofunguka kuuliza, lango zima la Mbonini lingeingia ndani yake na meza ya karani juu. Kichwa kilikuwa kimeupita ukuta, na jua lilikuwa nyuma yake.

"Liko hapo juu ya kiti," akasema Shehoza, na sauti ilimtoka nyembamba. "Ni wewe, mheshimiwa. Unaupita ukuta."

Ikasikika kalamu ya Karani Faki ikiandika, maana nilishasema alikuwa kijana mwadilifu. Aliandika mstari wote, akaupuliza ukauke, akagonga muhuri.

"Faki," akasema Hakimu. "Unafanya nini?"

"Kilichoonwa kimeonwa, mheshimiwa. Jasho limeonjwa."

"Jasho halali," akasema Bwana Chande, naye alionekana anaona haya.

"Nami naishi ndani ya ukuta," akasema Hakimu Mtumweni polepole. "Nina kitanda changu humo. Nina mke."

"Itabidi utoke, mheshimiwa. Ni sheria yako, ukurasa wa kwanza, mwandiko wako mwenyewe."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekuja na magongo yake kusikiliza kesi pamoja na majitu wenzake, akakohoa kwa adabu. "Kwetu kuna kibanda kitupu," akasema. "Kinavuja upande mmoja tu."

Hakimu akaomba daftari, akapandishiwa mpaka kitini. Akalifungua, akafunua karatasi moja baada ya nyingine. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka ishirini: akaona.

"Karani. Hii nafasi nyeupe hapa pembeni ya kila ukurasa ni ya nini?"

"Haina kazi, mheshimiwa. Imekuwa tupu siku zote."

"Kuanzia sasa, hapo liandikwe jasho la aliyeona. Kila mstari. 'Jitu, kwa jasho la fundi saa mwenye hofu na njaa.' 'Tuta, kwa jasho la kijana anayekwenda kwa mchumba.' Na mtu yeyote hatatolewa mjini kwa jasho lililomtoka mwingine." Akamrudishia karani daftari. "Andika haraka, Faki."

Bwana Chande, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amekwisha kuupanda ule mwinuko wa ngazi tatu na kipande chake cha pamba, ananyoosha mkono kwenye paji la uso la Hakimu. Hakimu akaupiga ule mkono kofi.

Bi Sikudhani hakuyaona hayo. Aliposikia "hatatolewa" alikuwa amekwisha kuuvuka mstari, viatu mkononi, anakimbia. Majitu mengine sita yalibaki langoni yanatazamana, kisha muuza maziwa akacheka kwa sauti, akamshika mwalimu mkono, wakaingia.

Shehoza alimfuata mama, na nyuma yake walifuata Karani Faki na Bwana Chande, kwa kuwa sheria moja ilikuwa haijaguswa: mtu aliyefutwa daftarini kwa kuandikwa jitu akirudi lazima aonwe upya na mwenye nyumba anayoiingia, ndipo jina lake lirudi daftarini. Mtoto alizaliwa salama kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye mapafu mazima, na nitakuwa mwongo nikisema Shehoza hakulia pale uani mbele za watu. Lakini nataka kumalizia na jambo lililotangulia hilo, lililotokea mlangoni.

Mwanaheri alikuwa kitandani, uso umelowa, meno yameuma kona ya kanga. Hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Wanaume watatu walisimama nje ya chumba wamegeuzia migongo ndani kwa heshima, daftari limefunguliwa juu ya mgongo wa Shehoza kwa kukosa meza.

"Utuwie radhi, dada," akasema Karani Faki akiwa ameukabili ukuta. "Ni swali moja tu la kisheria. Huyu aliyesimama mlangoni, unaona nani?"

Mwanaheri akafungua macho.

"Mama," akasema. Akavuta pumzi. "Ni mkubwa. Amejaa mlango wote, mpaka darini. Sioni kitu kingine."

Karani akasita. Alimtazama Bwana Chande, na Bwana Chande alitazama kipande chake cha pamba, kisha akakitia mfukoni.

"Kwa maelezo hayo, dada, hilo ni jitu," akasema karani. "Niandike hivyo?"

"Andika," akasema Mwanaheri. "Kisha ondokeni mlangoni, mliache liingie."

Na Bi Sikudhani, ambaye fremu ya juu ya mlango ule ilikuwa mbali kabisa na kilemba chake, akainama kidogo kama mtu anayechelea kujigonga, akaingia.